Je, Ni Kukosa Adabu Kumwuliza Daktari?

Kila mwaka ifikapo tarehe 18 Oktoba, Kanisa letu humkumbuka Mtakatifu Luka Mwinjili, ambaye kwa mapokeo twamjua kuwa alikuwa tabibu. Siku hiyo twawaombea madaktari, wauguzi, wakunga na wote wanaowahudumia wagonjwa. Ni desturi njema, na Mungu atujalie kuidumisha. Lakini tukiisha kuitika Amina, wengi wetu twarudia desturi nyingine ambayo yafaa tuitazame kwa makini. Twanyamaza mbele ya daktari. Akisema, twaitika. Akiandika, twapokea. Tukiletewa karatasi ya kukubali kupasuliwa, twatia sahihi au dole gumba, ingawa hatukusomewa yaliyoandikwa, wala hatukuuliza ni kiungo gani kitakachokatwa, wala kwa nini. Na mtu wa nyumbani akithubutu kuuliza, sisi wenyewe twamvuta shati: "Nyamaza, usimwudhi daktari."

Basi swali letu mwezi huu ni hili: Je, kunyamaza huko ni heshima? Au ni kitu kingine kilichovaa kanzu ya heshima?

Kwanza tuitendee haki desturi hiyo, maana haikuzuka bure. Tumelelewa kumheshimu mwenye ujuzi. Yoshua bin Sira, ambaye kitabu chake husomwa katika Kanisa letu kwa mafundisho ya mwenendo mwema, anatufundisha kumpa tabibu heshima yake, kwa kuwa ni Mungu aliyemweka, na ni Mungu huyo huyo aliyezitoa dawa katika ardhi. Tena kazi yenyewe inatisha. Mtu wa kawaida akimpasua mwenzake tumbo kwa kisu, hufikishwa mahakamani. Daktari wa upasuaji hufanya hivyo asubuhi, hunawa, akafanya tena mchana, nasi twamshukuru na kumletea kuku. Hospitali nyingi zenye mizizi katika Kanisa letu, kama zile za Mvumi na Muheza, zimejengewa imani ya watu kwa mikono ya namna hiyo, mikono iliyofanya kazi usiku kwa taa hafifu. Asiyewaheshimu watumishi hao amekosa shukrani.

Lakini hebu tujiulize: ni nini hasa kinachokitofautisha kisu cha daktari na kisu cha mshambuliaji? Twaona mambo matatu. La kwanza ni ujuzi: daktari anajua akatapo. La pili ni nia: anakata ili aponye. La tatu ni ridhaa: mwenye mwili amekubali. Mawili ya kwanza ni ya daktari. La tatu ni letu sisi, wala hakuna awezaye kulitoa badala ya mtu mzima mwenye akili zake. Sasa, mtu akikubali asichokielewa, amekubali nini? Dole gumba lake limekubali, yeye mwenyewe bado. Hivyo anayenyamaza kwa kudhani anamsaidia daktari, kumbe amemnyima kimojawapo cha vitu vitatu vinavyoihalalisha kazi yake.

Kuna jambo la pili, nalo twaliona kuwa zito zaidi. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika mji wa Boston huko Marekani, mganga wa meno aitwaye William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, na uvimbe wa shingoni mwake ukakatwa akiwa ametulia. Kabla ya siku zile, mgonjwa alishikwa na wanaume wenye nguvu akapasuliwa huku analia, na sifa kuu ya mpasuaji ilikuwa ni kufanya haraka. Nusukaputi ilileta rehema kubwa, kwa maana sasa daktari aliweza kufanya kazi polepole, tena ndani kabisa ya mwili. Lakini siku ile maumivu yalipoondolewa, na sauti ya mgonjwa iliondolewa pia. Aliyelala hawezi kusema, "Mguu mbovu ni huu wa kushoto, siyo huo." Hawezi kusema, "Mimi siye fulani." Tangu hapo, kila anayelazwa juu ya meza ile amewekeza sauti yake kwa wengine waliomo chumbani: mtoa dawa ya usingizi, muuguzi anayepokeza vifaa, msaidizi anayehesabu vitambaa. Nao wakinyamaza kwa kumwogopa mkubwa, basi mgonjwa hana mtu.

Pengine mtu atasema kwamba madaktari wenye elimu kubwa hawahitaji kukumbushwa na wadogo. Historia yatufundisha vingine. Katika hospitali kuu ya Vienna, miaka ya 1840, palikuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, ya pili na wakunga. Katika wodi ya madaktari, akina mama waliokufa kwa homa ya uzazi walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale wa wodi ya wakunga. Akina mama wa mji ule walilijua jambo hilo. Waliopangiwa wodi ya kwanza walipiga magoti wakiomba kwa machozi wapelekwe ya pili. Lakini maneno yao yalihesabiwa kuwa ni hofu za wanawake tu.

Mwaka 1847 daktari mmoja kutoka Hungaria, Ignaz Semmelweis, alitambua ya kuwa madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka kuchunguza maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wazazi, wakiwachukulia mauti mikononi mwao. Akaamuru kila mtu anawe kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwezi Aprili mwaka ule, katika kila wazazi 100 wa wodi ile, walikufa 18 hivi. Kufika Juni walikuwa 2 hivi. Hata hivyo, wakubwa wengi hawakumkubali. Ilikuwa vigumu kwao kusadiki kwamba mikono ya waungwana ndiyo iliyoua. Semmelweis alifariki mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, mwaka ule ule Joseph Lister alipoanza huko Glasgow kutumia dawa ya kuua vijidudu katika vidonda. Hebu tufikiri ni mama wangapi wangalipona, kama kilio cha wale waliopiga magoti kingalisikilizwa mapema.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya ya zamani. Mwaka 2007, katika hospitali kubwa ya rufaa Dar es Salaam, wagonjwa wawili waliokuwa na jina la kwanza moja walibadilishiwa upasuaji: aliyepaswa kupasuliwa goti akapasuliwa kichwa, na aliyepaswa kupasuliwa kichwa akapasuliwa goti. Mwaka 2018, Nairobi, mgonjwa asiyehitaji kupasuliwa alifunguliwa kichwa badala ya mwenzake, na kazi ilikuwa imekwenda saa kadhaa ndipo madaktari walipoona hakuna damu iliyoganda waliyokuwa wakiitafuta. Hatuyataji haya ili tuwaaibishe waliokuwamo, maana hatukuwapo, wala si juu yetu kuwahukumu. Twayataja kwa sababu hayakutokana na kukosa ujuzi wa kukata. Mkono ulijua kazi yake. Kilichokosekana ni jambo ambalo hata mtoto wa shule angaliweza kulifanya, yaani kuuliza na kuhakikisha: "Huyu ni nani, na amekuja kufanyiwa nini?"

Sisi twajua maswali kama hayo humezwa namna gani. Muuguzi aona jina la kwenye cheti halilingani na la mkononi mwa mgonjwa, akasema moyoni, "Daktari mwenyewe ameona, mimi ni nani?" Mwanafunzi aona kitambaa kimoja hakikuhesabiwa, akakumbuka jinsi mwenzake alivyokemewa juma lililopita, akanyamaza. Ndugu wa mgonjwa ajua kwamba mzee amekunywa uji alfajiri, naye ameambiwa asile kitu, lakini akaogopa kugombezwa. Hajui ya kuwa aliyelishwa kisha akapewa nusukaputi aweza kutapika usingizini, na matapishi yakaingia mapafuni yakamwua. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Kuuliza na kuulizwa ni njia moja, nayo yahitaji ukweli pande zote mbili.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi moja tu, yenye mambo 19 ya kuhakikisha wakati wa upasuaji. Hakuna ndani yake dawa mpya wala mashine ya ajabu. Inawataka watu wasimame mara tatu: kabla ya kumlaza mgonjwa, kabla ya kumkata, na kabla ya kumtoa chumbani. Mgonjwa mwenyewe, akiwa bado macho, athibitishe jina lake, mahali patakapokatwa, na kwamba amekubali. Kabla ya kisu, kila aliye chumbani ataje jina lake na kazi yake, toka bingwa hata aliye mdogo kuliko wote. Mwishoni muuguzi atangaze kwamba vitambaa, sindano na vifaa vimehesabiwa na vimetimia. Karatasi hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, na mmojawapo ni Ifakara, kwetu Tanzania. Matokeo yalitangazwa Januari 2009. Kabla ya karatasi, katika kila wagonjwa 1,000 waliopasuliwa, walikufa 15. Baada yake walikufa 8. Na waliopata madhara makubwa walipungua kutoka 110 hadi 70 katika kila 1,000.

Kwa nini kutaja majina kuwe na faida? Kwa sababu aliyekwisha kusikika sauti yake mara moja si vigumu kwake kusema mara ya pili. Yule muuguzi aliyesema, "Naitwa fulani, nami ni mpokezaji wa vifaa," dakika ishirini baadaye aweza kusema, "Daktari, samahani, kitambaa kimoja hakionekani."

Hata hivyo karatasi peke yake haiponyi. Huko Ontario, Kanada, hospitali 101 zilitakiwa kuitumia, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014 haukuona kwamba vifo vimepungua kiasi cha kuhesabika. Sababu zake zimejadiliwa sana, na wengi walisema kwamba ni rahisi kutia alama ya vyema katika vijumba vya karatasi pasipo watu kuzungumza hata kidogo. Sisi Wakristo hatuna haja ya kushangaa. Twajua jinsi mtu awezavyo kuisoma Liturjia yote kwa midomo, toka mwanzo hata baraka, moyo wake ukiwa sokoni.

Wako watakaotupinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Watasema: Mkiwafundisha watu kuuliza, mtawafundisha ujeuri. Ni kweli kwamba kuna waulizao kwa matusi, na kuna wanaomfokea muuguzi aliyekesha peke yake na wodi nzima. Kuna pia saa ya hatari, mama akivuja damu, ambapo swali refu laweza kumwua. Wengine watasema: Daktari ana wagonjwa wengi mlangoni, atapata wapi nafasi ya kumweleza kila mmoja? Na wengine watasema: Mponyaji ni Mungu, anayeuliza sana amepungukiwa na imani.

Kwa hao wote tungependa kuwakumbusha habari ya Naamani, jemadari wa Shamu, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme. Mtu mkubwa kuliko huyo hakuwapo katika nchi ile, ila bwana wake tu, naye alikuwa na ukoma. Ni nani aliyemwonyesha njia ya kupona? Ni kijakazi mdogo, mateka, ambaye hata jina lake hatukuachiwa. Na alipofika kwa Elisha akakasirika, akageuza magari yake arudi kwao, ni nani aliyemwokoa na hasira yake mwenyewe? Ni watumishi wake. Wasomaji wetu watazame jinsi walivyosema. Walimwita baba, kisha wakamwambia kwamba anakosea. Mambo hayo mawili yalikaa katika kinywa kimoja. Wangalinyamaza kwa adabu, bwana wao angalirudi nyumbani na ukoma wake. Na Naamani naye ana sifa yake: alishuka garini, akawasikiliza walio chini yake, akaenda mtoni.

Tumtazame na Bwana wetu mwenyewe. Kipofu Bartimayo alipoletwa mbele yake, kila mtu aliona ni nini kilichomsumbua, lakini Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini. Hakumponya kama mtu atengenezaye baiskeli. Na kule Bethsaida, baada ya kumwekea kipofu mikono, alimwuliza kama anaona kitu. Yule mtu hakusema "Naona vizuri, Bwana" kwa kumwonea haya. Alisema kweli, kwamba watu anawaona kama miti inayotembea. Na Bwana hakukasirika, bali alimwekea mikono mara ya pili, mpaka akaona yote waziwazi. Ikiwa Mwana wa Mungu aliuliza, akapokea jibu kwamba kazi haijakamilika, ni daktari gani aliye mkubwa mno asiweze kuulizwa? Na ni mgonjwa gani mwenye imani nyingi kuliko kipofu yule?

Kwa hiyo twaona kwamba kumwuliza daktari kwa upole ni sehemu ya kumheshimu. Anayemfanya daktari kuwa kama mungu asiyekosea hamtendei wema, maana amemwekea mzigo ambao hakuna binadamu awezaye kuubeba. Mtu wa namna hiyo akikosa, atawezaje kusema "Nimekosa"? Atalificha, na kosa lililofichwa leo litarudi kesho juu ya mgonjwa mwingine. Kinyozi hajinyoi. Hata bingwa huhitaji jicho la mwenzake kumwonyesha kisogo chake.

Basi tufanye nini? Tukiambiwa kwamba mtu wetu atapasuliwa, tuulize mambo matano, kwa sauti ya adabu: Ugonjwa wenyewe ni nini? Mtafanya nini? Kuna hatari gani? Kuna njia nyingine? Asipopasuliwa itakuwaje? Nasi tukiulizwa tuseme kweli yote, hata juu ya dawa za miti shamba tulizokunywa kabla ya kuja. Na mtu mzima mwenye fahamu zake asicheleweshwe kwa kungoja mwanamume wa nyumba arudi safari ndipo kidole kitiwe. Mwili ni wake, na ridhaa ni yake.

Wale wa parishi yetu wanaofanya kazi hospitalini, twawasihi wasimkemee mdogo aliyeuliza, hata kama ameuliza jambo dogo, hata kama alikosea. Wahenga walisema mkubwa ni jaa: hutupiwa yote akavumilia. Ukimnyamazisha leo mbele ya watu, hatakuambia kitu siku ile utakapokuwa unamhitaji. Na tukumbuke kwamba wao pia wana uchovu, wana njaa, na wana wagonjwa waliowafia wasiowasahau. Swali laweza kuulizwa pamoja na neno la shukrani.

Tena twapendekeza jambo moja ambalo parishi yaweza kulianza bila fedha. Wengi huenda hospitali peke yao, nao kwa hofu hawasikii hata nusu ya waliyoambiwa. Umoja wa Mama, na vijana wanaojua kusoma vizuri, wangeweza kupangana kumsindikiza kila mgonjwa wa mtaa wao asiye na mtu, wakae naye, wamsomee karatasi kabla hajatia dole, na wamkumbushe swali alilotaka kuuliza. Mwenye nafasi amwone Katibu wa parishi baada ya ibada ya Jumapili, aandikwe jina.

Na tutakapowaombea watumishi wa afya siku ya Mtakatifu Luka, pamoja na kumwomba Mungu aitie nguvu mikono yao, tumwombe pia awape masikio, na atupe sisi ujasiri wa kusema kwa upendo.